Mitungi Iliyokohoa

Wajukuu zangu mnaojifunza kufinyanga, nawasalimu. Mkono wangu wa kulia umestaafu kabla yangu. Kifundo kimeukataa udongo, lakini kalamu kinaikubali, kwa hiyo mtanivumilia. Herufi nilifundishwa misheni nikiwa msichana, na mwalimu wetu alikuwa akisema nina mwandiko wa kuku. Basi kuku huyo huyo ndiye anayewaandikia leo.

Neno langu la kwanza ni hili: gongeni. Kabla hujautoa mtungi nyumbani kwako, kunja kidole, ugonge ubavuni, kisha unyamaze usikilize. Nimewaona hapa ufukweni mnautazama mtungi, mnaupapasa, mnausifu rangi, halafu mnaupakia mtumbwini. Macho hudanganywa na ngeu, ule udongo mwekundu wa kupaka, sikio halidanganyiki. Watu wa pwani husema siri ya mtungi muulize kata. Sisi Wakisi hatuna haja ya kumsumbua kata, tunaugonga wenyewe. Mtungi mzima unaimba. Wenye ufa, hata ufa mwembamba kama unywele, unakohoa. Hayo ndiyo maneno ya Shangazi Tusekile, aliyenifundisha kazi: unaimba, au unakohoa.

Shangazi alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye alama yake ya mistari mitatu shingoni mwa kila chombo, na aliniruhusu kuitumia baada ya miaka minne ya kuponda udongo wake. Sharti lilikuwa moja tu. Chombo chenye mistari mitatu kisikohoe.

Mtungi wangu wa kwanza kwenda gulio la Lyulilo uliimba vizuri, ila nilikuwa nimeusugua kwa kokoto mpaka unang'aa, ndani na nje, na kuulisha uji wa ulezi ukingali moto. Mama mmoja wa Bujonde akaujaza mahindi, maana hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya mtungi siku zile, nafaka ya kuujaza. Akanimwagia mahindi yangu, akajitwika mtungi wake, tukaagana kwa furaha. Gulio la pili akarudi nao umejaa maji. Alinipa kata tu, ninywe. Maji yalikuwa vuguvugu kama ya kuogea mtoto.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Gwe Subilaga, umemuuzia mtu mtungi wa pombe awekee maji!"

Hapo ndipo nilipojifunza ambalo nanyi mlijue. Mtungi wa maji hausuguliwi sana wala haulishwi uji, kwa sababu sharti utoe jasho. Jasho ndilo linalopoza maji. Wa pombe, wa asali na wa nafaka husuguliwa na kulishwa, usipitishe kitu. Kwa hiyo kabla ya kuponda hata bonge moja la udongo, muulize mnunuzi: wa nini? Asipokujibu, usifanye kazi.

Mimi niliwahi kufanya kazi bila kujibiwa. Ndiyo habari yenyewe.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani, kabla ya vita yao wenyewe kwa wenyewe. Upande huu wa mto Songwe alikuwa Mjerumani, ng'ambo Mwingereza, na wazungu hao wawili walikuwa bado wakivuliana kofia wanapokutana. Sisi tulivuka tulivyotaka. Ng'ambo na huku ni ndugu, lugha karibu moja, tunaoana na kuzikana. Dada yangu Tumpe aliolewa huko, na vyungu vya Wakisi vilikwenda kwa mitumbwi pande zote mbili za ziwa, hakuna aliyevitazama mara mbili.

Siku hiyo akaja karani wa boma, mtu wa pwani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikio moja. Sisi tulimwita Bwana Miwani, naye nadhani alipenda. Nyuma yake kulikuwa na kijana mrefu wa umri wa kuoa, amevaa shuka la kuazima.

"Bibi, nataka mitungi kumi na miwili yenye vifuniko," alisema Bwana Miwani.

"Ya nini, Bwana?"

"Ya boma."

"Boma linaweka nini ndani?"

"Boma linaweka linachoweka."

Akalipa kwa chumvi, akalipa hapo hapo, wala hakubishana. Hapo ningepaswa kushtuka. Tangu nizaliwe sijaona mtu anunue chungu Lyulilo bila kubishana. Hata mchungaji alikuwa akibisha. Lakini chumvi ilikuwa nyeupe, nami nilikuwa mwanamke mjane kijana mwenye tamaa ya kula vizuri. Nikawaza, watu wa boma wanatembea sana juani, hii ni mitungi ya maji. Nikafinyanga mitungi ya maji kumi na miwili, mizuri ajabu. Kila mmoja uliimba na kila mmoja ulitoa jasho.

Yule kijana ndiye aliyekuja kuichukua. Aliitwa Ambokile. Alianza kuipanga mtumbwini kama mtu anayepanga kuni, nikapiga kelele.

"We kaka, unataka kunivunjia? Njoo nikuonyeshe."

Nikamfundisha. Majani makavu ya migomba chini, mkubwa kwanza, midomo itazamane, katikati ushindilie nyasi, na mtungi usiguse mtungi mwenziwe. Na kabla ya kupakia, gonga. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Aligonga yote kumi na miwili, anasikiliza kichwa kimeinama, anatabasamu kila unapoimba. Mwisho akanishukuru, "Ndaga fijo, dada," kwa lafudhi ya ng'ambo, nikajua ametoka upande wa dada yangu.

Baada ya miezi miwili wakarudi wote wawili. Bwana Miwani alikuwa na hasira na mtungi wangu mmoja mkononi.

"Bibi, mitungi yako imetutia hasara! Inapitisha maji!"

"Mtungi wa maji usipotoa jasho, utayapozaje?"

"Nani alikwambia ni ya maji?"

"Nani aliniambia si ya maji?"

Mficha uchi hazai, wajukuu zangu. Boma zima, na bendera yake na tarumbeta yake, lilikuwa limeshindwa kazi kwa sababu lilikataa kumwambia mfinyanzi anafinyanga nini. Nilicheka moyoni, usoni nikawa mnyenyekevu kabisa.

Bwana Miwani akaagiza mitungi kumi mingine, ya kuzuia unyevu. "Ni ya asali," alisema akitazama ziwa. "Asali ya boma." Kisha akaenda kulala kivulini, kwa kuwa jua letu lilimshinda. Nami nikatia mkono ndani ya ule mtungi uliorudi. Ulitoka mweusi. Niliunusa. Harufu hiyo nilikuwa nikiijua. Boma lilipopiga mizinga siku ya mfalme wao, ilikuwa ikitufikia ufukweni.

"Asali hii nyuki wake ni wakali," nilimwambia Ambokile.

Akaniambia yote, maana nafikiri alikuwa amechoka kunyamaza. Ng'ambo, Mwingereza alikuwa amemwondoa chifu wao na kumweka mwingine. Waliokataa walichomewa nyumba. Wanaume kama thelathini walikimbilia huku, wakajificha kwenye matete upande wa Njisi. Boma likawajua, likawalisha, likawapa magobori na baruti, kwa siri, ili Mwingereza asije akasema rafiki yake anamtilia mchanga katika chakula. Pipa la baruti lenye alama ya boma lingeonekana. Chungu cha Mkisi hakuna anayekitazama. Walikuwa wameifukia mitungi kwenye mchanga wa mtoni, ng'ambo kabisa, wangoje siku ya kurudi kwao kumtoa chifu mpya. Mchanga ulikuwa na maji, mitungi yangu ikayanywa, na baruti ikawa uji.

"Chifu mpya wa kijiji gani?" nikauliza.

Alipotaja, nilikaa chini. Mume wa Tumpe alikuwa mtoto wa chifu huyo. Nyumba ya dada yangu iligusana na ya mkwewe, ukuta kwa ukuta, na dada yangu alikuwa na watoto watatu.

"Na mama yako wewe, yuko wapi?" nikamuuliza.

"Yuko huko huko."

"Siku mtakayopiga?"

"Atakaa ndani."

"Risasi itajuaje mlango wa mama yako?"

Hakujibu. Wala sikumchukia, semeni mtakavyo. Alikuwa amechomewa nyumba, na hakuwa na mahali pa kulala isipokuwa matete. Ila mimi nilikuwa na dada mmoja tu duniani.

Sikulala vizuri siku hizo. Kupeleka habari ng'ambo kungemfanya Ambokile anyongwe, na mimi pamoja naye. Kukataa kazi ya boma kulikuwa viboko, halafu wangempa mfinyanzi mwingine. Nilikuwa na kitu kimoja tu mikononi mwangu, nacho kilikuwa udongo.

Basi nikafinyanga mitungi kumi, ikawa mizuri kuliko yote niliyowahi kufanya. Niliichoma kwa matete na kinyesi cha ng'ombe, na ilipokuwa bado nyekundu kwa moto nikainyunyizia maji kwa kicha cha majani. Ilipiga kelele ndogo, tik, tik, tik. Kila mfinyanzi anaijua sauti hiyo na kuiogopa. Nyufa zilikuwa nyembamba, hazionekani. Nikaziziba kwa nta na ngeu, nikasugua juu yake mpaka mitungi ikang'aa kama misheni siku ya Krismasi. Nta ingeshika kwa siku chache. Katika mchanga wa mtoni isingeshika.

Shangazi Tusekile alikuwa mzee wakati huo, macho yamefifia. Alikuja na fimbo yake, akapapasa mtungi mmoja, akaugonga.

"Huu unakohoa."

"Najua, Shangazi."

Akagonga wa pili. Akagonga wa tatu. Mwanamke huyo aliwahi kuvunja tanuri zima la vyungu vyangu kwa fimbo kwa sababu ya midomo iliyopinda.

Halafu akauliza, "Dada yako ng'ambo hajambo?"

"Hajambo bado."

Akakaa chini, akavuta bakuli la ngeu, akaanza kunisaidia kuziba. Alipomaliza alisema neno moja tu, "Mistari mitatu usiiweke." Sikuiweka. Mitungi hiyo kumi ndiyo pekee iliyotoka kwetu bila alama.

Ambokile alikuja kuichukua, Bwana Miwani akimngoja mtumbwini. Nilisimama karibu nikihofu, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kugonga. Mjinga gani humfundisha mnunuzi wake kazi? Aliutwaa wa kwanza, akakunja kidole, akaugonga, kichwa kimeinama. Akatazama ziwa. Kisha akaulaza kwenye majani ya migomba taratibu, kama alivyofundishwa, na hiyo mingine tisa akaipakia bila kuigonga. Nikasema moyoni, ahsante Kyala, Mungu wangu, kijana huyu ni mvivu na masikio yake ni ya nchi kavu.

Yaliyotokea nilisimuliwa na Tumpe miaka mingi baadaye, naye hakuweza kuyasimulia bila kushika mbavu. Watu wa matete walivuka asubuhi na mapema, wakafukua mitungi yao, wakashindilia magobori, wakakisogelea kijiji kwa kelele za vita. Wakafyatua. Magobori yakasema *fuu*, kama mzee anayepuliza uji. Wakafyatua tena. *Fuu.* Wanawake waliokuwa wakitwanga walisimama na michi yao mikononi, halafu mmoja akaanza kucheka. Aliyekufa siku hiyo ni mbuzi mmoja, aliyekanyagwa wakati wa kukimbia. Wengine walimwonea huruma, wengine walimla.

Ningependa kuishia kwenye mbuzi. Lakini nyinyi si watoto, na habari haikuishia hapo.

Ng'ambo walicheka, ila waliokota magobori na mitungi, wakajua vimetoka wapi. Kuanzia siku hiyo vyungu vyetu vilikataliwa Songwe. Mitumbwi yetu ikarudishwa. Mama yetu alipofariki, Tumpe hakuruhusiwa kuvuka kuja kumzika, nami nilimlilia mama peke yangu, jambo ambalo kwetu ni aibu na uchungu. Kisha vita ya wazungu ikaja, siri ikawa haina kazi tena. Boma likawapa wale jamaa wa matete bunduki za kweli na risasi za ndani ya makopo, mchana kweupe, na safari hiyo nyumba zilichomwa za pande zote mbili. Ya Tumpe ilipona, ila baba mkwe wake hakupona. Mjerumani aliposhindwa alikwenda zake na bendera yake. Bunduki alituachia. Zilikaa kwenye paa za nyasi huko Njisi, na kwa miaka mingi ng'ombe waliibwa kwa bunduki hizo, mara huku, mara kule, mpaka watu waliozikana wakawa wanatazamana kama wageni. Bwana Miwani nasikia alirudi pwani akafungua duka. Sijui kama aliwahi kuuza asali.

Ambokile hakuwamo katika hayo ya pili. Baada ya *fuu* alikuja moja kwa moja Lyulilo, akaniambia anataka kazi ya kupakia vyungu. Nikampa. Mwaka wa pili nikampa na mimi mwenyewe, kwa kuwa alipakia vizuri na hakuwa na maneno mengi. Huyo ndiye babu yenu, kwa wale ambao hawakuwahi kujumlisha mambo.

Kwao hakurudi. Walimhesabu ni mtu aliyekuja na baruti ya Mjerumani kumpigia mama yake. Vita ilipokwisha nilimtumia mama mkwe mtungi wa mchele, wa mistari mitatu, kwa mkono wa wachuuzi. Mnajua desturi yetu: chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata ukitia konzi ya chumvi. Mtungi wetu ulirudi mtupu, umeoshwa, umefunikwa mdomo chini. Babu yenu aliuweka kando ya mlango, akakataa usitumike. Mama yake alifariki ukiwa pale pale.

Na mimi katika muda wote huo sikumwambia. Nilimwachia aamini kwamba baruti yao ilikufa kwa mvua. Niliogopa. Mwanamume aliyepoteza kwao, utamwambiaje kwamba aliyemfanya achekwe mbele ya kijiji chake ni mkewe, kwa makusudi, na kwa nta?

Siku ya tanuri langu la mwisho, kabla mkono haujagoma kabisa, nilitoa mtungi nikaugonga, ukakohoa. Babu yenu alikuwa akisuka kamba.

"Kama ile ya asali," alisema, hata kichwa hakuinua.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ipi?"

"Ile kumi."

"Ulijua?"

"Si ulinifundisha mwenyewe? Niligonga mmoja, ukakohoa. Nikasema nikigonga wa pili, Bwana Miwani atasikia."

"Kwa nini uliipakia, Ambokile?"

"Uliniuliza risasi itajuaje mlango wa mama yangu. Nilikuwa bado nalitafuta jibu."

Nililia, nikacheka, nikamtupia bonge la udongo. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimlinda na siri ambayo aliibeba kwa mikono yake mwenyewe, juu ya majani ya migomba! Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema alikuwa akingoja nianze mimi.

"Na kwenu je? Wanajua?"

"Nani angewaambia? Boma lilituapisha tunyamaze, nami nikazoea."

Hilo ndilo lililonikasirisha. Boma lenyewe lilikuwa halipo tena, na mume wangu alikuwa bado akilitunzia siri yake. Nikauchukua ule mtungi wa mlangoni, nikaupangusa, nikaugonga. Uliimba, wajukuu zangu, uliimba baada ya miaka yote ile, mpaka babu yenu akasimama. Tukaujaza mchele wa Bujonde. Nikaketi nikaandika barua kwa mwandiko wa kuku, nikamwambia Tumpe yote, baruti na nta na kidole kimoja kilichogonga mara moja, nikamwomba aisome mbele ya ndugu wa Ambokile, kwa sauti, asiruke hata neno.

Mtungi na barua tukawapa wachuuzi, tukangoja. Nisiwadanganye, tulingoja muda mrefu, na babu yenu akawa mtu wa kwenda ufukweni kila mtumbwi unapotia nanga, eti kuangalia upepo.

Mtungi ulirudi ukiwa na maharagwe. Hayakufika nusu. Niliutikisa, nikaona aibu kwa niaba ya mume wangu, nikasema labda wachuuzi wameyapunguza njiani. Babu yenu alitia mkono ndani akayatoa kidogo, akayatazama kiganjani, akasema ni yale mekundu ya shamba la mama yake, anayajua.

Tuliyapika siku hiyo hiyo. Alikula sufuria nzima, hakuniachia hata kijiko.